Waketishwe Kabla ya Kulishwa: Kutengeneza Chumba cha Darasa Kabla ya Januari

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kubwa: kazi ya kutengeneza chumba cha darasa la kwanza kabla watoto hawajaingia. Twasema na walimu, maana kazi hii ni yao kwanza. Tena twasema na baba na mama wa nyumba za Kikristo, maana mtoto atakayeketi katika chumba kile ametoka mikononi mwao.

Katika nchi ya Tanzania shule za msingi hufungwa Disemba, na mwaka mpya wa masomo huanza Januari. Kwa watu wa Mandewa, katika Manispaa ya Singida, majuma hayo ya katikati yana shughuli nyingi. Mvua huanza aghalabu mwisho wa Novemba au Disemba, zikaendelea hata Aprili. Zikishuka tu, kila mwenye shamba hushika jembe apande mtama, uwele, mahindi na alizeti, kwa kuwa mvua za Singida hazimngoji mtu. Kisha huja Krismasi, pamoja na wageni na ndugu watokao mbali. Basi chumba cha shule husahauliwa. Popo hukaa darini, mchwa hupanda ukutani, na vumbi la upepo wa kiangazi hulala juu ya madawati. Siku ya kufungua shule watoto wapya huja wameoshwa na kupakwa mafuta, wakakuta nyumba ambayo hakuna mtu aliyewangojea. Mtoto wa miaka sita hajui kulisema neno hilo, lakini hulijua moyoni.

Twakumbuka habari ya Bwana alipowalisha watu elfu tano, kama ilivyoandikwa katika Marko sura ya 6. Hakuanza kwa kuumega mkate. Kwanza aliamuru watu wapangwe kwa vikundi penye majani, kwa hesabu inayojulikana. Ndipo chakula kikagawanywa, nacho kikamfikia hata aliyekaa mbali. Kama wangaliachwa wasongamane, wenye nguvu wangalikula, na wadogo wangalitazama tu. Hivyo twasema ya kwamba katika darasa pia, kuketisha ni sehemu ya kulisha. Chumba kilichotengenezwa vema ni kile ambacho ndani yake somo humfikia mtoto aliye mwisho kabisa.

Taifa letu limekwisha kuliona jambo hili mara tatu. Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimia ya kuwa watoto wote wenye umri wa shule wapate nafasi ifikapo mwisho wa mwaka 1977. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao watu waliuita MMEM, ada ikiwa imekwisha kuondolewa. Tena Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, elimu bila ada ilianza kutolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Mara zote tatu watoto walikuja wengi, na kwa hayo twamshukuru Mungu, maana wengi wao wangalibaki machungani. Walakini mara zote tatu vyumba na madawati havikutosha, hata mwaka ule wa 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza viongozi wa mikoa na wilaya wamalize upungufu wa madawati kabla ya mwezi wa Juni kwisha.

Na watoto wangali wakija. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata katika Mkoa wa Singida watu kama 1,370,000. Ile ya mwaka 2022 ikapata zaidi ya 2,000,000. Kata kama Mandewa, iliyo ndani ya manispaa, na ambamo hospitali ya rufaa ya mkoa imejengwa, haiwezi kutazamia watoto wapungue. Kipimo cha serikali ni watoto 45 katika chumba kimoja cha shule ya msingi, lakini walimu wengi wajua jinsi ilivyo kusimama mbele ya 80 au 90. Mwalimu wa namna hiyo hana uwezo wa kuongeza kuta. Hata hivyo ana uwezo wa kupanga yaliyomo ndani ya kuta, na kazi hiyo ifanyike chumba kikiwa kitupu, maana watoto wakiisha kuingia hakuna nafasi tena ya kufikiri.

Basi mwalimu aanzie wapi? Shauri letu ni kwamba aanzie nyuma. Siku moja ya Disemba aende akaketi mahali pa mwisho, pembeni kabisa, akainama mpaka macho yake yawe kimo cha macho ya mtoto wa miaka sita. Kisha ajiulize maneno manne. Je, kutoka hapa ubao waonekana wote? Je, sauti ya mbele yafika hapa, hata mvua ikipiga bati? Je, mwalimu aweza kunifikia asiruke dawati? Je, naweza kutoka kwenda choo nisiwakanyage wenzangu? Majibu yake ndiyo orodha ya kazi, wala hahitaji kuandikiwa nyingine na mtu.

Kazi ya kwanza ni paa, kuta na sakafu. Paa litazamwe kabla ya mvua, maana tundu moja la msumari latosha kuharibu madaftari ya dawati zima. Mwalimu asimame ndani mchana, mlango na madirisha yakiwa yamefungwa, naye ataona nuru ikipenya kila palipo na tundu. Nyufa za ukuta zizibwe zingali changa. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashimo ya sakafu yajazwe saruji na mchanga. Palipo na sakafu ya udongo, udongo wa kichuguu uliopondwa, ukaloweshwa na kushindiliwa, hushika vema. Kama popo wamekaa, uchafu wao usifagiwe ukiwa mkavu; unyunyiziwe maji kwanza, na afagiaye ajifunge kitambaa puani na kinywani. Vumbi la kila siku pia linyunyiziwe kabla ya ufagio kupita, ili lisiingie katika vifua vya watoto.

Kazi ya pili ni ubao na nuru. Ubao uliochakaa hung'aa, na mtoto aketiye pembeni huona mng'ao mahali pa herufi. Kisha huitwa mzito wa akili, na kumbe hakuona kitu. Basi ubao upakwe upya rangi nyeusi isiyong'aa. Walimu wengi wa vijijini wamepaka unga wa mkaa uliochekechwa, pamoja na majani mabichi yaliyopondwa. Lakini makaa ya ndani ya betri kuukuu yasitumiwe, maana yana sumu, na watoto hushika ubao kisha hutia vidole kinywani. Ubao ukiisha kukauka, upakwe vumbi la chaki mahali pote, ukapanguswe, ndipo uandikwe. Mwisho wa chini wa ubao uwe mahali ambapo mkono wa mtoto wafika, maana darasa la kwanza hujifunza kuandika kwa kuandika. Kwa habari ya nuru, madawati yaelekezwe hivi kwamba dirisha lenye mwanga mwingi liwe upande wa kushoto wa watoto, ili kivuli cha mkono wa kulia kisiangukie daftari. Naye mtoto atumiaye mkono wa kushoto asilazimishwe kuubadili. Aketishwe mwisho wa dawati upande wa kushoto, na kiwiko chake hakitagombana na cha jirani.

Kazi ya tatu ni viti, na hapo yatupasa kupiga hesabu. Dawati likiketisha watoto 3, watoto 45 wahitaji madawati 15, yaani safu tatu zenye madawati matano kila moja. Watoto wakiwa 90, madawati ni 30, na nafasi ya kupita huanza kupotea. Nasi twasema ni heri kuondoa dawati moja kuliko kuziba njia, maana safu ambayo mwalimu hawezi kuipita ni safu isiyofundishwa. Madawati yasipotosha, majamvi safi yatandikwe mbele, karibu na ubao, na wakaao juu ya majamvi wabadilishane na wenzao kila Jumatatu, isiwe wale wale mwaka mzima. Misumari iliyotokeza igongwe na mbao zinazoyumba zikazwe, kwa kuwa sare iliyopasuka wiki ya kwanza ni huzuni kubwa katika nyumba isiyo na fedha.

Daktari Maria Montessori wa Italia alifungua nyumba ya watoto maskini katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, tarehe 6 Januari 1907. Jambo moja alilofundisha kwa ulimwengu ni hili, kwamba kiti, meza na kabati vifanywe kwa kimo cha mtoto, ili aweze kuvitumia na kuvitunza mwenyewe. Sisi pengine hatuna viti vidogo vya kutosha, lakini fundi seremala wa Mandewa aweza kukata miguu ya dawati lililo refu mno kwa darasa la kwanza, au kupigilia ubao chini yake ili miguu ya mtoto isining'inie.

Na nani aketi mbele? Hapo ndipo moyo wa mwalimu hujaribiwa. Waketi mbele walio wafupi, na wenye macho dhaifu, na wenye masikio mazito, na wale ambao hawajazoea Kiswahili kwa kuwa nyumbani husema Kinyaturu au lugha nyingine. Asiwekwe mbele mwana wa mwalimu, wala wa mwinjilisti, wala wa mfanya biashara, kwa ajili ya heshima ya baba yake. Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza juu ya kumpa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini, naye alisema habari za mkutano wa ibada. Twaamini onyo lake lafika hata darasani.

Kazi ya nne ni kuta na vyombo vya kufundishia. Ndugu zetu Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, wamtaja katika askofu wao wa zamani mtu aitwaye Johann Amos Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592. Vita vilimfukuza kwao, akawa mkimbizi siku nyingi, naye hakuacha kufikiri habari za watoto. Alifundisha ya kuwa chumba cha shule kiwe safi, chenye nuru, na kupambwa kwa picha. Na mwaka 1658 kitabu chake cha picha kwa watoto, Orbis Pictus, kilipigwa chapa katika mji wa Nuremberg. Sababu yake ilikuwa nyepesi: mtoto hulishika neno akiona kitu chenyewe au mfano wake.

Basi mwalimu wa Mandewa asingoje picha za kununua. Mfuko wa saruji ukipasuliwa na kukung'utwa nje, mbali na watoto, hutoa karatasi imara ya kuandikia. Herufi A ichorewe alizeti, J jiwe, K kuku, M mtama, Z ziwa. Mtoto aliyeona ziwa Singidani au Kindai hatahitaji kuelezwa ziwa ni nini. Karatasi zitundikwe kimo cha macho ya watoto, wala zisijaze ukuta wote, maana penye mambo mengi jicho halikai mahali. Kwa hesabu, zikusanywe kokoto, vizibo vya chupa, na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa kamba, ili mtoto ashike kumi mkononi kabla ya kuiandika. Mbegu za alizeti hazifai sana kwa kazi hii, kwa kuwa huliwa kabla jumla haijapatikana.

Kazi ya tano ni maji na choo. Serikali imeweka kipimo cha tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Penye upungufu kamati ya shule iseme mapema, isingoje Machi. Karibu na choo kiwekwe kibuyu chirizi: dumu dogo lililoning'inizwa kwa kamba, likainamishwa kwa kukanyaga kijiti, ili mkono mchafu usiguse chombo. Sabuni ifungwe hapo hapo kwa uzi. Maji ya kunywa yawe katika ndoo yenye kifuniko na bomba, mbali na ya kunawa. Watoto wapya waonyeshwe choo saa ya kwanza ya siku ya kwanza, maana wako wanaoona haya kuuliza, wakaaibika mbele ya wenzao, na kesho yake hawataki kurudi.

Kazi ya sita ni daftari la mahudhurio na ratiba. Majina ya watoto walioandikishwa yaandikwe mapema, na kwa kila mtoto ikatwe karatasi ndogo yenye jina lake, iwekwe mahali pake. Mtoto hajui kuisoma bado. Mwalimu atamwonyesha, akamwambia, "Hili ni jina lako, na hapa ni mahali pako." Huo ndio mwanzo wa kusoma. Mchungaji mwema huwajua kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, na mwalimu aliyejifunza majina kabla ya wiki mbili kwisha amekwisha kupunguza nusu ya makelele, kwa kuwa mtoto aitwaye kwa jina hana haja ya kutafuta kuonekana. Juma la kwanza lisiwe la masomo mengi. Watoto wajifunze njia ya kuingia na kutoka, mahali pa kuweka mfuko, namna ya kuinua mkono, namna ya kugawa na kukusanya madaftari. Saa zitumiwazo kwa hayo mwezi wa Januari hurudishwa mara nyingi kabla ya Juni.

Ndugu, pengine mwalimu asomaye hapa amekwisha kuvuta pumzi na kusema, "Haya yote nitayafanya mimi, peke yangu, kwa mikono hii?" La. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa huko Kabete, karibu na Nairobi, ili kuwafundisha walimu wa kuzunguka katika shule ndogo za vijijini. Walimu wale walikuja pamoja na wake zao na watoto wao, na wake nao wakafundishwa, kwa kuwa walioianzisha waliona ya kuwa shule haiwezi kuwa njema pasipo nyumba njema, na kijiji hakijengwi na mwanamume peke yake. Miaka mingi imepita, na shauri lile lingali la kweli.

Kwa hiyo twaziomba nyumba za Kikristo za Mandewa, na za mahali pengine zisomapo gazeti hili, zitenge Jumamosi moja mara shule zikifungwa, kabla mvua hazijashika mashamba. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wapatane siku, maana shule ni yao kuisimamia. Ajuaye useremala alete nyundo, ajuaye uashi alete mwiko. Akina mama na akina baba walete maji na mifagio, vijana wa kwaya wapake chokaa. Asubuhi moja yatosha kwa chumba kimoja. Asiye na kitu alete mikono yake. Na neno hili tulishike sana: mtoto asiaibishwe wala kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuweza kuchanga.

Tena nyumbani nako kuna chumba cha kutengeneza. Elimu bila ada haikuwaondolea wazazi sare, madaftari, wala chakula cha mchana. Basi vitafutwe kabla fedha za mavuno hazijakwisha katika sikukuu. Mtoto azoeshwe kulala mapema majuma mawili kabla ya shule, na apewe pembe moja ya nyumba, hata kama ni sanduku na msumari ukutani, pa kuweka vitu vyake vya shule. Asitishwe kwa fimbo ya mwalimu kila akosapo, akaingia darasani akiogopa kabla hajafundishwa neno. Baba na mama wamwombee kwa jina jioni ile ya kwanza, na mwalimu wake pia kwa jina.

Twajua ya kuwa kuta zilizopakwa chokaa hazifundishi kusoma. Mwalimu ndiye afundishaye, na Mungu ndiye akuzaye. Lakini yule mtoto wa safu ya mwisho, ambaye hatajwi katika mikutano wala hana wa kumsemea, Januari ikifika atajua kwa ishara moja tu kama alikuwa akingojewa: ataona mahali pake pamewekwa, pamepanguswa, na jina lake lipo. Basi na tupatengeneze, ndugu, siku zingalipo. Bwana awabariki walimu na watoto wote wa mwaka ujao.